Mguu wa Apollinaire

Gari lilirudi Bukavu Jumatatu asubuhi, likivutwa kwa mnyororo nyuma ya lori la mchanga. Apollinaire alikuwa ameketi ndani yake, mikono miwili kwenye usukani, akifunga breki kila lori lilipopunguza mwendo. Breki zilishika. Toka Ngomo mpaka mtaa wa Kadutu zilishika vizuri kabisa, na hilo ndilo lililomnyima utetezi alipofika.

Maana Jumamosi, kwenye mteremko wa Ngomo, hazikushika. Alikuwa akishuka kwenda Uvira na abiria wanne. Kwenye kona ya tatu kutoka chini kanyagio lilizama mpaka sakafuni kama mguu uliokanyaga matope. Upande mmoja kulikuwa na bonde, upande mwingine ukuta wa mlima, naye akalitupa gari kwenye mlima. Abiria watatu walitoka wakijipangusa vumbi. Wa nne, Marcelline, mama kutoka Sange aliyeuza mchele Bukavu, alivunjika mkono mahali pawili.

"Nilikanyaga," Apollinaire aliwaambia watu waliokusanyika mbele ya garaji. "Nilikanyaga, hakukuwa kitu chini. Hata kidogo."

"Sasa juu ya nini leo iko inashika?" mtu mmoja akauliza.

Apollinaire alitazama mguu wake wa kulia, halafu akatazama kando.

Garaji ilikuwa ya Emile, mume wa Virginie, dada yake Apollinaire. Mwaka ule wa sabini na nane, kwenye karatasi za serikali jina la Emile lilikuwa Bisimwa tu, kwa kuwa majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, na kila mtu aliitwa citoyen, raia. Lakini mtu aliyetaka injini yake itengenezwe akatulia, aliuliza kwa Emile. Gari la Apollinaire lilikuwa Peugeot 404 ya mwaka wa sitini na tatu, rangi ya maziwa. Siku chache kabla ya safari ile, Emile alikuwa ameng'oa breki zake za mbele za zamani, zile za ngoma, akalifungia breki za diski alizozitoa kwenye 404 nyingine, changa zaidi, iliyogongana uso kwa uso na lori kwenye njia ya Walungu. Alikuwa amejivunia kazi ile. Hakuna aliyekuwa amemwona mtu mwingine wa Kadutu akiifanya.

Jandarme, askari aliyetumwa kupima gari, alifika saa nne. Alikuwa na daftari na viatu vilivyong'arishwa, akasimama mbali na mafuta.

"Citoyen fundi, sema. Ni kosa la gari ao la dereva?"

Emile alifungua magurudumu ya mbele. Alitafuta mahali mafuta ya breki yanapovuja, hakupaona. Alikanyaga: kanyagio gumu kama jiwe. Alizitoa pedi, plaketi kama mafundi walivyoziita, akakuta zimeungua na kung'aa kama kioo, na diski zimegeuka rangi ya bluu, ile rangi ya chuma kilichopitia moto. Alizitazama kwa muda. Chuma kinachofika pale kimesuguliwa muda mrefu bila kupumzishwa.

"Aliweka mguu ku freni toka juu mpaka chini," alisema. "Hakutumia vitesse, gia, kupunguza mwendo. Freni ikachoka."

"Hapana, mulamu," Apollinaire alimwambia shemeji yake. "Nilikuwa ku seconde, gia ya pili. Hii njia naipitaka miaka kumi na moja."

"Chuma hakina ndugu," Emile alijibu.

Jandarme alipenda sentensi ile. Aliiandika vilevile, akamgeuzia Emile daftari, na Emile akasaini. Permi ya Apollinaire, leseni yake ya udereva, ikaingia kwenye mfuko wa shati la jandarme.

*

Habari zilienea kwamba Emile ni mtu wa haki, asiyemficha hata kaka wa mke wake. Wiki iliyofuata alipata wateja ambao hakuwa nao. Mwalimu mkuu mmoja alimletea Volkswagen yake akisema anataka fundi asiyesema uongo.

Nyumbani, Virginie hakugomba. Alikuwa mwalimu wa darasa la tano, na alikuwa na namna yake ya kunyamaza ambayo wanafunzi wake waliiogopa kuliko fimbo. Alimwandalia mumewe chakula, akamjibu alipoulizwa. Jumapili, kwenye mlango wa kanisa, mke wa Apollinaire, Cibalonza, alipita mbele yao akiwa ameshika kitambaa chake puani, akawasalimia watu wa kushoto na watu wa kulia.

"Umeona?" Emile alisema njiani. "Mimi njo nimekuwa adui."

"Nimeona," Virginie alisema.

"Ningesema uongo?"

"Sijasema useme uongo, Papa Xavier." Alimwita hivyo, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, hata walipokasirikiana. "Nauliza kitu kimoja. Kaka yangu aliendesha ile gari miaka kumi na moja na freni za zamani. Hajagonga hata mbuzi. Mguu wake ulisahau kazi siku gani?"

Emile alijibu kwamba uzoefu ndio unaoua madereva. Lilikuwa jibu zuri. Virginie akatangulia.

Apollinaire hakuenda tena kwenye maegesho ya magari ya Uvira. Wenzake walikuwa wameanza kumwita "Neutre", wakidai alishuka Ngomo bila gia. Mara mbili alikwenda hospitali kumwona Marcelline, na mara mbili aliishia langoni, akampa mlinzi ndizi alizobeba.

*

Wiki ya tatu Emile aliamua kulitengeneza gari lile na kulirudisha, kwa sababu lilikuwa limechukua nafasi ya magari mengine. Alinyoosha bati, akaweka taa, akafunga pedi nyingine na mafuta mapya ya breki. Kutoa hewa kwenye mabomba kunahitaji watu wawili, mmoja wa kukanyaga na mwingine wa kufungua na kufunga skrubu gurudumuni. Ilikuwa Jumamosi mchana, msaidizi wake alikuwa amekwenda msibani. Virginie alikuwa ameleta chakula.

"Nisaidie kidogo. Kaa hapo. Nikisema kanyaga, kanyaga. Nikisema shika, usiachilie."

Virginie alivua viatu, akaingia. Gari lilikuwa limeinuliwa mbele juu ya magogo.

"Kanyaga. Shika... Acha. Kanyaga. Shika... Acha."

Walifanya hivyo kwa zaidi ya nusu saa. Alipomaliza, Emile alimwambia akanyage mara moja ya mwisho, kwa nguvu, halafu ashuke. Virginie alikanyaga, akaachilia, akashuka. Alipoinama kutafuta kiatu chake kilichoingia chini ya gari, aliegemea gurudumu la mbele kwa mkono. Gurudumu lililoning'inia hewani lilimbeba bila kusogea.

"Hii gurudumu haizunguke?"

"Inazunguka. Plaketi zinagusa kidogo. Diski zote ziko hivyo."

"Kidogo? Nimeweka uzito wangu wote."

Emile alikuja akifuta mikono. Alilishika gurudumu akalisukuma. Lilizunguka robo, likilia, likasimama. Alisukuma tena. Alikwenda upande wa pili, ikawa vilevile. Alisimama kidogo, halafu akapiga magoti, akachukua ufunguo mdogo, akafungua ile skrubu ya gurudumuni.

Hakuna mtu aliyekuwa ndani ya gari. Hata hivyo mafuta yaliruka, yakampiga kwenye shati. Akalisukuma gurudumu kwa kidole. Lilizunguka, likazunguka, likaendelea kuzunguka.

Virginie aliona uso wa mumewe, akakaa juu ya tairi kuukuu.

"Ni nini?"

Emile alifungua boneti, akaitoa ile pampu kuu inayosukuma mafuta dereva anapokanyaga, akaifungua juu ya gazeti. Mwishoni mwake, nyuma ya springi, mlikuwa na kivalvu kidogo kama kifungo cha koti. Alikuwa amekiona mara mia katika maisha yake.

"Hii ni pampu ya zamani," alisema mwisho. "Ya freni za ngoma. Ile ya gari ya Walungu ilivunjika, nikasema pampu ni pampu. Hii kavalvu kazi yake ni kubakisha nguvu kidogo ndani ya mabomba, hata ukitoa mguu. Ngoma ziko na springi za kurudisha, hazisikii. Diski haina springi. Kwa hiyo freni haikuwa inaachilia."

"Hata kama dereva hakanyagi?"

"Akishakanyaga mara moja, inabaki imefunga kidogo. Hapa mjini hauone. Ku Ngomo, kilomita na kilomita, chuma kinapata moto, mafuta inachemka, inakuwa mvuke. Ukikanyaga mvuke, haukanyagi kitu."

"Halafu ikipoa?"

"Ikipoa inarudi kuwa mafuta. Inashika muzuri."

Nje mtu alikuwa akipiga mabati. Emile alikigeuza kivalvu kwenye kiganja chake.

"Nani anajua?" Emile aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Wewe na mimi."

"Naweza kuweka pampu ingine leo. Gari itakuwa muzuri. Hakuna mutu atagonga tena." Alingoja. "Nilisaini, Virginie. Nilisema chuma hakina ndugu. Batu banarudia ile neno ku soko. Kama nageuka leo, nani ataniachia gari yake? Tutakula nini?"

Virginie alivaa viatu vyake, kimoja, halafu cha pili. Alikunja kitambaa kilichofunika chakula.

"Watasema juu yako kile ulichosema juu ya kaka yangu," alisema. "Wewe utajua kama ni kweli. Yeye hakupewa hata kujua hiyo."

Akaenda zake. Chakula kilibaki juu ya benchi mpaka kikapoa.

*

Pampu ya kufaa ilikuwa kwa Isidore, fundi wa Nyawera ambaye Emile hakuwa amezungumza naye miaka miwili. Isidore alimsikiliza huku akiendelea kulainisha valvu ya injini.

"Uliweka diski na pampu ya ngoma," alisema, akarudia polepole ili wasaidizi wake wasikie. "Fundi Emile. Mutu wa haki."

"Uko nayo ao hapana?"

Alikuwa nayo. Emile alikubali mashine yake ya kuchomelea vyuma iwe ya Isidore kama malipo, akaondoka na pampu ikiwa imefungwa kwa karatasi ya saruji.

Hakuifunga siku hiyo. Alikwenda kwanza kwa Apollinaire, jioni, wakati ambao wali wa watoto ulikuwa bado jikoni. Cibalonza alifungua mlango, akabaki amesimama katikati yake.

"Umeleta gari?"

"Nimeleta neno."

"Neno tulikwisha kulipata."

"Mwache aingie," Apollinaire alisema kutoka ndani.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao bila redio, bila gazeti. Wiki tatu zilikuwa zimemkondesha shingo. Emile alitoa kivalvu mfukoni, akakiweka mezani, akaeleza. Alieleza vibaya, akianza mwisho na kurudi mwanzo, lakini Apollinaire alikuwa dereva, alielewa kabla hajamaliza.

"Kwa hiyo haikuwa mguu wangu?"

"Haikuwa mguu wako."

"Sema tena."

"Haikuwa mguu wako, mulamu. Ilikuwa kazi yangu."

Apollinaire aliinamisha kichwa. Wakadhani analia, lakini alikuwa akiutazama mguu wenyewe, uliokuwa ndani ya kandambili, akiupindisha vidole.

"Nilikuwa nimeanza kukubali," alisema. "Wote mulisema hivyo, na freni ilishika siku ile wakitukokota. Nikasema labda nilisinzia. Labda nilisahau vitesse. Mutu anaweza kusahau kitu na asijue kama alisahau. Nilikwenda kwa padri, mulamu. Niliungama."

"Anakanyaga kitandani," Cibalonza alisema. "Wiki tatu, akilala anakanyaga, anakanyaga. Miguu yangu iko na alama. Na wewe ulikuwa unapokea Volkswagen!"

Emile alisimama muda ambao mtu husimama akisubiri kufukuzwa. Hakuna aliyemfukuza, wala aliyemkaribisha kiti. Mwisho akasema kwamba Jumatatu asubuhi atakwenda ofisi ya jandarme kubadilisha karatasi, akatoka.

*

Ofisini walimngojesha mpaka saa saba. Karani aliyempokea alikuwa na kalamu tatu kifuani na hakupenda karatasi iliyokwisha kufungwa ifunguliwe.

"Citoyen, ulituambia chuma hakina ndugu. Leo chuma kimepata ndugu?"

"Nilikosea kupima."

"Ulikosea kupima ao ulikosea kutengeneza?"

"Vyote viwili."

"Basi andika." Karani alimsukumia karatasi, akamsomea maneno kwa kujifurahisha. "Mimi, citoyen Bisimwa, fundi, nakubali kwamba nilifanya kazi nisiyoijua... nisiyoijua, piga mstari chini... na kwamba nilimshitaki dereva kwa kosa langu mwenyewe."

Kulikuwa na watu wanane kwenye benchi. Emile aliandika polepole kwa sababu mkono wake haukuzoea kalamu, na karani akamrudisha mara mbili kwa makosa ya herufi. Alipomaliza alipewa barua mbili: moja ya kumrudishia Apollinaire permi, nyingine ya kuifunga garaji miezi miwili kuanzia kesho yake.

Mwalimu mkuu alikuja kuchukua Volkswagen yake siku hiyohiyo, kabla haijamalizwa. Aliwalipa watu waisukume. Usiku huo Emile aliifunga ile pampu kwenye 404, kazi yake ya mwisho kabla ya kufuli.

*

Marcelline aliruhusiwa kutoka hospitali Alhamisi. Emile na Apollinaire walikwenda pamoja, bila kuwa wameelewana kitu zaidi ya saa ya kukutana. Walimkuta kwenye veranda, mkono ukiwa ndani ya plasta, vitu vyake vimefungwa kwenye shuka.

"Wewe najua," alimwambia Apollinaire. "Huyu ni nani?"

Emile alieleza kwa mara ya tano. Safari hii alieleza vizuri. Marcelline alimsikiliza akiwa amefumba jicho moja kwa sababu ya jua.

"Umekuja kuniambia ili mimi nipate usingizi, ao ili upate wewe?"

"Sijui, maman."

"Angalau hiyo ni ya kweli." Alimgeukia Apollinaire. "Na wewe, siku ile, ulitupiga ku mulima kwa kusudi?"

"Kwa kusudi. Upande wa pili ilikuwa bonde."

"Mbona hukusema? Nimekaa hapa karibu mwezi muzima nakulaani."

"Nilikuwa sijui tena kama ni kweli."

Marcelline alijiinua kwa mkono mzima.

"Gari iko na freni sasa?"

"Iko nayo," Emile alisema.

"Basi huyu ataendesha. Na wewe utakaa mbele, pembeni yake. Kama ni kufa, usibaki."

Waliondoka asubuhi, saa tano ikiwa imepita. Walipita Nyangezi. Pale barabara inapoanza kujikunja kushuka Ngomo, Apollinaire alisimama kabisa, akaingiza gia ya pili. Alifuta viganja kwenye suruali. Emile alitaka kusema kitu, akaona hana haki nacho. Gari likaanza kushuka.

Walisimama mara tatu. Kila mara Emile alishuka, akalala kifudifudi vumbini na shati lake la kanisani, akaweka mkono karibu na gurudumu, akarudi akisema, "Iko sawa." Abiria wa lori moja walimcheka. Kwenye kona ambapo udongo mwekundu ulikuwa umechubuka, Apollinaire alikanyaga breki taratibu, zikajibu, akaachilia, gari likaenda huru. Alirudia mara ya pili bila sababu yoyote. Nyuma yao Marcelline alikuwa akisali rozari kwa sauti ya chini, na walipofika chini hakuikatiza, aliimaliza.

Walipita Luvungi jua likiwa kali juu ya mashamba. Sange, nyumba ya Marcelline ilikuwa nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Mama yake, kikongwe mwenye macho makali, alitoka akakuta binti yake anashushwa na wanaume wawili asiowajua, wote wamejaa vumbi.

"Hawa ni nani?"

"Huyu njo alinivunja mukono," Marcelline alisema akimwonyesha Emile kwa kidevu. "Na huyu njo aliniponyesha. Wape chakula wote wawili."

Kikongwe aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayejaribu kuamua awape sahani moja au mbili. Aliingia ndani. Alirudi na wali na dagaa katika sahani moja kubwa, akaiweka kwenye kigoda, na kando yake beseni la maji.

Emile alibaki amesimama. Apollinaire alivuta benchi, akakaa kwenye ncha moja, akanawa mikono. Halafu akalisukuma beseni mpaka upande wa pili, mahali palipokuwa wazi, akangoja.